Nakwenda Maskati kikazi, chumba kimoja na Wapakistani. Mnaowajua naomba mwongozo

Fundi_wa_Pangani

Wakuu habari zenu. Mimi ni fundi wa madirisha na milango ya alumini, nilisomea VETA na nimefanya kazi Pangani na Tanga mjini. Nimepata mkataba wa miaka miwili kwenye karakana moja iliyoko Ghala, Maskati. Viza imetoka. Aliyenifanyia mipango anasema malazi ni ya kampuni, chumba cha watu sita, na hao watano wengine wote ni Wapakistani. Msimamizi wa karakana naye ni Mpakistani.

Sijawahi kukaa na Mpakistani. Wahindi wa Tanga nawajua, tumekua nao, lakini nasikia hawa ni watu wengine kabisa. Mjomba wangu aliyewahi kufanya kazi Dubai ananiambia watanitenga, chakula chao pilipili tupu, na kazi nzito zote nitasukumiwa mimi. Jirani yetu yeye anasema Wapakistani wa Oman ni wenyeji, wana uraia, wana majumba, kwa hiyo hawana shida na mtu. Maneno haya mawili hayakai pamoja.

Naomba aliyewajua kwa kuishi nao anieleze. Wanakulaje, tutaelewana kwa lugha gani, na nifanye nini nisianze vibaya? Mke wangu ni mjamzito. Siwezi kwenda huko nikarudi baada ya miezi mitatu.

Dereva_Sohar

Mkuu, mimi naendesha lori huku Sohar, nitakupa ninayoyaona. Ni watu wa kazi, hawalalamiki, na si wezi. Simu yangu naiacha kitandani nakwenda kuoga. Ila upendeleo upo. Kwetu msimamizi ni Mpakistani, na safari zenye malipo ya ziada zinakwenda kwa watu wa kijijini kwake, sisi tunapewa zinazobaki. Nimemwambia usoni, hakubadilika. Kwa hiyo fanya kazi yako, pokea chako, usitegemee undugu.

Lugha isikutishe. Kuna Kiarabu cha wafanyakazi ambacho kila mtu anakijua, Mpakistani, Mbangladeshi, Mfilipino. Ndani ya mwezi utakuwa unasema "mafi mushkil", yaani hakuna shida, kama wenzako.

Bi_Mwana_AlKhoudh

Mwanangu wa Pangani, hongera kwa kazi, na Mungu amjaalie mkeo ajifungue salama.

Mimi nimezaliwa Malindi, Unguja, nikaja Maskati na wazazi wangu katika miaka ya sabini, baada ya Sultani Qaboos kushika nchi na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Hapa tunaitwa Wazinjibari mpaka leo. Nina duka la ushoni, kanzu za wanaume na majalabia, na tangu nilifungue mafundi wangu ni Wapakistani. Hao ndio waliowashonea wanangu kanzu zao za harusi. Sizungumzi ya kusikia.

La kwanza, usimwambie mtu "wewe Mpakistani" ukadhani umemjua. Muulize kwao wapi. Mafundi wangu wengi ni Wapanjabi. Mkuu wao, ambaye sote tunamwita Masterji, anatoka Gujrat ya Panjabi, si ile Gujarat ya India walikotoka Wahindi wetu wa Unguja na Tanga. Wanaoendesha magari makubwa na mitambo ya kuchimbia, wengi niliowaona mimi ni Mapathani, watu wa Swat, Dir na Waziristan, wenye lugha yao ya Kipashto. Wapo Wasindi, wapo wa Kashmir, wapo Mabulushi. Kiurdu ndicho kinachowaunganisha, lakini chumba cha Mapathani hakitazungumza Kiurdu wakiwa peke yao. Ukikuta wanacheka na wewe huelewi, usijihesabu kuwa unasemwa. Mara nyingi wanacheka na simu kutoka nyumbani.

La pili ndilo ninalotaka ulishike, na kaka yetu wa Sohar naye alisikie. Nyuma ya kila Mpakistani wa huku kuna deni na kuna kijiji. Viza aliyokuja nayo imegharimiwa. Baba ameuza nyati wake wa kufugwa, mama ametoa bangili zake za dhahabu, ami amekopesha. Na viza yenyewe aghlabu imetafutwa na mtu aliyekwishatangulia huku, naye mara nyingi ndiye msimamizi. Huyo msimamizi amesimama dhamana kwao. Kijana asipopata cha kutuma, mwenye deni haji Sohar wala Ghala, anakwenda kugonga mlango wa baba yake msimamizi. Ndiyo sababu saa za ziada zinakwenda kwa watu wa kijiji chake. Sisemi ni haki. Kaka yangu, ulivyomwambia usoni ulifanya vyema, na hesabu ya saa zako iandike kila siku. Lakini ukidhani anakuchukia kwa rangi yako utapigana naye vita visivyo vyake, na ya saa za ziada yatabaki palepale.

Rangi nayo ipo, sitaificha. Aliwahi kuletwa kijana mgeni dukani kwangu, akamwita msaidizi wangu, Mzinjibari mweusi kama mimi, kwa neno baya la kwao. Masterji aliweka mkasi chini, akamwambia mbele yetu sote kwamba mkate anaokula unatoka mikononi mwa hao anaowatukana, kisha akamtaka aombe radhi. Akaomba. Yule kijana baadaye ndiye aliyekuwa akimbebea msaidizi wangu mizigo mpaka kwenye gari. Wenye tabia ile utawakuta, na wenye tabia ya Masterji utawakuta. Mtafute Masterji wa chumba chenu mapema. Kila chumba kina mmoja, mtu mzima ambaye wakigombana ndiye anayesikilizwa.

Chakula. Wanakula kwa mfuko mmoja, wanaita mesi. Kila mwezi kila mtu anatoa sehemu yake, mmoja anashika daftari la matumizi, na kupika ni kwa zamu. Asubuhi chai ya maziwa iliyochemshwa mpaka inaiva, na paratha. Usiku dengu au mchuzi wa nyama, na mikate ya tanuri inayonunuliwa mkahawani. Ingia kwenye mesi. Usijipikie peke yako pembeni hata kama unatamani ugali. Mtu anayekula nao sahani moja hawezi kuwa mgeni wiki ya pili, na utaona hela inavyobaki. Ugali utawapikia siku ya zamu yako, na mimi nimeona Wapanjabi wakiula kwa mchuzi wa kuku bila kubakisha. Pilipili ni kweli ipo. Mapathani wanakula pilipili kidogo kuliko Wapanjabi, kwa hiyo yategemea umeangukia chumba gani. Usikubali kuonjeshwa naswar, ule ugoro wao wa kijani wa kuweka chini ya mdomo. Hapa ni marufuku kuuza.

Mjomba wako alisema watakutenga. Mimi nasema watakuuliza maswali mpaka uchoke: mshahara wako, baba yako anafanya nini, una watoto wangapi, kwa nini huna. Kwao kuuliza ni kujali. Jibu, na wewe uulize. Muulize mtu jina la binti yake.

Hapo utaona jambo linaloniumiza mimi mpaka leo. Masterji amefika hapa kijana katika miaka ya themanini. Ameoa kwa likizo, watoto wake wamezaliwa yeye yupo huku, binti zake wameolewa kwa likizo. Wa kwanza alimjua baba yake kwa sauti ya kaseti, maana zamani walikuwa wanarekodi kaseti wanampa mtu anayekwenda. Amejenga nyumba ya ghorofa kijijini, ameniletea picha zake, sakafu ya marumaru. Ndani yake hajalala hata mwaka mmoja kwa kuunganisha. Kumleta mke huku kunataka mshahara wa kiwango fulani na nyumba ya kupanga, na fundi cherehani hafikii hapo. Wapakistani wenye familia wapo, madaktari, wahasibu, wahandisi, wenye maduka, na wana skuli yao ya Kipakistani hapa Maskati. Lakini hao na wa chumba cha watu sita wanaonana siku ya Idi tu.

Mwaka 2022 na 2023 rupia yao ilianguka vibaya. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa chini ya rupia 180, na Septemba 2023 ilipita 300. Watu walisema Wapakistani wa nje wamepata bahati, riali moja sasa inazaa rupia nyingi. Masterji alinionyesha kwenye simu bei ya gunia la unga na bili ya umeme ya nyumbani kwake. Hakuna kilichozidi. Siku za mshahara nenda Ruwi ujionee foleni za maduka ya kutuma fedha, wanaume wamesimama na bataka, yaani kitambulisho cha ukaazi, mkononi, kila mmoja anazungumza na nyumbani kuuliza atume kiasi gani kwa nani.

Ukifika utawasikia pia wakitaja Wadi Kabir, mtaa wa hapa Maskati. Usiku wa tarehe 15 Julai 2024, Mashia walikuwa wamekusanyika kwa Ashura kwenye msikiti wa Imam Ali huko Wadi Kabir, wakapigwa risasi. Wapakistani wanne waliuawa, na Mhindi mmoja na askari polisi mmoja. Kundi la Dola la Kiislamu lilidai kuhusika. Nchi hii haikuzoea kitu kile. Mafundi wangu ni Masuni wote, na asubuhi yake walifunga mashine wakaenda hospitali kuwatazama majeruhi wa kwao. Niliwaambia waende na mshahara wao wa siku ile haukukatwa. Mtu akikueleza habari hiyo, msikilize mpaka mwisho.

Fundi_wa_Pangani

Shikamoo Bi Mwana. Nimesoma mara mbili, na mke wangu nimemsomea. Ahsante sana mama.

Mawili bado. Umesema wapo Mabulushi. Hao ndio jirani yangu anaosema wana uraia? Na la pili, huyu aliyenifanyia mipango ananiambia mkataba ukinichosha naweza kutoka, atanitafutia viza ya "azad", nifanye kazi popote ninapotaka na nimlipe kafili, mdhamini wa viza, kitu kidogo kila mwaka. Anasema Wapakistani wengi wanafanya hivyo. Ni kweli?

Mbulushi_wa_Makadara

La Mabulushi niachie mimi, kwani babu wa babu yangu ni huko.

Mabulushi ni watu wa Makran, pwani inayoelekeana na Oman ng'ambo ya bahari, ambayo leo imegawanywa baina ya Pakistan na Iran. Masultani wa Kibusaidi walikuwa wakichukua askari huko tangu zamani. Sayyid Said alipowashinda Mazrui Mombasa mwaka 1837, aliweka askari wa Kibulushi ndani ya Ngome ya Yesu, na wakuu wao waliitwa majemadari. Ndiyo asili yetu hapa Makadara, Mombasa. Tumeoa na kuolewa, lugha yetu ni Kiswahili, na msikiti wa Mabulushi upo mpaka leo.

Upande wa Oman hadithi ni ndefu zaidi, kwa sababu mji wa Gwadar ulikuwa mali ya Sultani wa Maskati kuanzia mwisho wa karne ya 18. Pakistan ilizaliwa 1947 na Gwadar haikuwa yake. Iliupata mwaka 1958, kwa kuulipia pauni milioni 3. Hata baada ya hapo jeshi la Oman liliendelea kuandikisha vijana wa Makran, na Mabulushi wengi walipigana upande wa Sultani katika vita vya Dhofar, kusini mwa Oman, vilivyoanza 1965 na kumalizika katikati ya miaka ya sabini.

Kwa hiyo jirani yako kasema nusu. Mbulushi ambaye wazee wake waliingia zamani ni Muomani kamili, jina lake linaishia na al-Balushi, utamkuta Mutrah, Seeb na Batina yote, ni polisi, ni mwalimu, ni waziri. Binamu yake aliyebaki Turbat au Gwadar akija leo anakuja kwa pasi ya Pakistan na viza ya kazi, analala chumba cha watu sita. Lugha moja, na pengine babu mmoja. Nilipokwenda Mutrah kutembelea jamaa niliwakuta wote wawili barazani wanakunywa kahawa, na saa ya kuondoka mmoja alikwenda kwake, mwingine kambini. Oman hairuhusu uraia wa nchi mbili na uraia wake kuupata ni kazi kubwa, kwa hiyo tofauti hiyo wanarithi hata watoto.

Dereva_Sohar

Bi Mwana nimekusoma. Lile la dhamana sikulijua. Nitamuuliza huyu wetu kwao wapi. Saa zangu naendelea kuziandika.

Bi_Mwana_AlKhoudh

Ziandike, mwanangu, na picha ya daftari uitunze kwenye simu.

Fundi, marahaba. Sasa hiyo azad. Kataa. Maana yake kafili anakuandikisha kwa kazi isiyokuwepo, wewe unajitafutia, na kila mwaka unamlipa ili karatasi zisife. Ni kweli Wapakistani wengi wameingia humo, na nimeona mwisho wake. Kijana mmoja alikuwa akija dukani kwangu kutafuta kushona vifungo, mpakaji rangi kwa azad. Kafili alipandisha bei, akashindwa, karatasi zikaisha, akawa anatembea kwa kujificha. Alikaa hivyo mpaka serikali ilipotoa msamaha wa Novemba 2020, wa kuondoka bila faini kwa waliozidisha muda. Alirudi kwao na mfuko mmoja. Deni la viza ya kwanza alikuwa hajalimaliza.

Na huna haja nayo. Zamani ulikuwa huwezi kuhama bila barua ya ruhusa ya mwajiri, la sivyo ukae nje miaka miwili. Hilo liliondolewa Januari 2021. Mkataba wako ukiisha unahamia kwa mwajiri mwingine kihalali. Pasi yako ni yako, usimwachie mtu aifungie kabatini. Ukimaliza kazi unastahili kiinua mgongo, na kwa sheria ya kazi ya 2023 ni mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliofanya. Ndiyo maana uangalie kwenye mkataba mshahara wa msingi umeandikwa ngapi, kwani wengine wanaandika wa msingi mdogo na posho kubwa. Juni, Julai na Agosti kazi ya juani inasimama kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu. Ukipelekwa kufunga madirisha kwenye jengo wakati huo, una haki ya kukataa.

Huyo mtu wako aliyekupa ushauri wa azad kabla hujapanda ndege, mimi simwamini. Mkataba aliokupa upeleke idara ya kazi wausome kabla hujasafiri. Wapakistani wenyewe wana ofisi ya serikali inayogonga muhuri kwenye pasi ya kila anayekwenda kufanya kazi nje, kwa sheria yao ya 1979, na asiye na muhuri anarudishwa uwanja wa ndege. Wewe huna wa kukurudisha, basi jikague mwenyewe. Cheti chako cha VETA kithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa Oman Dar es Salaam ungali huko, ukija bila hivyo utaandikwa kibarua badala ya fundi.

Nilisahau jambo moja la furaha. Ijumaa asubuhi watakwenda kucheza kriketi kwenye uwanja wa mchanga, mpira wa tenisi umezungushiwa utepe. Nenda nao. Timu ya taifa ya Oman imejengwa na watu hao hao waliokuja kutafuta kazi. Kombe la Dunia la kriketi fupi (T20) la 2021, mechi ya kwanza hapa Al Amerat dhidi ya Papua New Guinea, nahodha Zeeshan Maqsood, mzaliwa wa Panjabi ya Pakistan, aliwatoa wapigaji wanne. Kisha Aqib Ilyas wa Sialkot na Jatinder Singh wa Ludhiana, India, wakamaliza kazi wawili peke yao, hakuna aliyetolewa. Masterji aliwasha redio ya simu dukani siku ile, na Mhindi wa duka la vitambaa jirani akaja kukaa kwetu mpaka ikaisha.

Na zamu ya kupika usiichukue wiki ya kwanza. Omba ya tatu, utazame kwanza wanavyokaanga kitunguu. Hapo ndipo watakapokukosoa.